Goti Ambalo Mama Alilipima kwa Makaa

Nikiwa katika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili niliteleza kwenye ngazi za maktaba, nikaanguka vipandio vinne. Sikuvunjika popote. Lakini mtu ambaye goti lake moja halikunjiki haanguki kama watu wengine. Hana namna ya kujikunyata. Huenda chini mzima mzima, kama mlingoti, na akiwa njiani hupata muda wa kufikiri. Daktari kijana aliyeitazama picha ya eksirei aliisifu kazi ya mwenzake asiyemjua. Alifuata kwa ncha ya kalamu mahali ambapo mfupa wa paja na mfupa wa muundi umekuwa mfupa mmoja, bila ufa, bila hata kivuli cha goti, kisha akauliza swali la kujaza fomu.

"Uliambiwa lini kwamba mguu hautakunjika tena?"

"Kabla ya upasuaji."

"Na familia?"

Jibu sahihi lilikuwa kwamba baba aliambiwa siku ile ile, pamoja nami, na kwamba mama aliambiwa baadaye sana. Aliambiwa na mimi, mbele ya watu, nyuma ya soko la mifugo la Kajiado. Daktari alikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuweka alama. Nilimwambia, "Walijua," naye akaweka alama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisahihisha jibu lile kichwani, na nimeona ni heri nilisahihishe kwenye karatasi.

Tulikuwa tumehamia Kitengela kutoka Ukambani, baba alipopata kazi katika kiwanda cha saruji. Miaka ile ya tisini ploti yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya uwanda, na nyumbu walifika hadi kwenye seng'enge yetu kujikuna kwenye nguzo. Goti langu la kulia liliugua nikiwa kidato cha pili. Lilivimba, likapoa, likavimba tena, na hatimaye hospitali moja ya misheni ikabaini kuwa ni kifua kikuu, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, hauchagui kifua peke yake. Dawa ziliua vijidudu. Hazikuweza kurudisha kilicholiwa.

Daktari wa mifupa alimwita mzazi mmoja tu katika chumba chake, na aliyeingia ni baba. Mimi nilikuwa mle ndani, juu ya kitanda cha magurudumu. Daktari alichora mistari miwili nyuma ya kadi yangu.

"Goti hili limekwisha," alisema. "Tukiliacha litamuuma maisha yake yote. Nikiiunganisha mifupa iwe mfupa mmoja, halitamuuma. Lakini halitakunjika."

"Atatembea?" baba aliuliza.

"Atatembea mbali kuliko wewe na mimi."

Baba akatia sahihi. Mama alikuwa ukumbini ameketi na chupa ya chai mapajani. Kaka yake mkubwa aliwahi kuingia hospitali na kidonda cha unyayo, akatoka bila mguu, na tangu hapo mama aliamini kwamba madaktari hukuomba kidogo ili wachukue kingi. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila kitu.

"Wamesema nini?"

"Wataunganisha mfupa."

"Halafu utakunjika?"

Baba aliitazama kofia yake, akaigeuza, akaitazama upande wa ndani. "Utakunjika," alisema. "Pole pole."

Baadaye, mama alipokwenda kutafuta maji, baba aliniinamia. Nyusi zake daima zilikuwa na unga wa saruji, hata siku za mapumziko. "Ningemwambia ukweli angekubeba mgongoni mpaka nyumbani. Unamjua. Plasta ikitoka tutamwambia." Nikatikisa kichwa kukubali. Ninataka ieleweke kwamba nilikubali kwa hiari yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, maumivu yalikuwa yamenichosha, na mimi pia niliogopa kubebwa mgongoni mpaka nyumbani.

Walipitisha vyuma vinne mfupani, viwili juu ya goti na viwili chini, vikabanwa kwa skrubu kutoka nje kwa wiki kadhaa. Kisha ikaja plasta ndefu kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na nyonga. Ilipokatwa, kilichotoka ndani yake kilikuwa chembamba na chenye magamba, lakini kwa mara ya kwanza kwa muda wa miaka miwili hakikuuma. Nilitaka kuwaambia watu wote kwamba hakikuuma. Mama alikuwa akitazama jambo jingine.

"Umekauka," alisema, akiugusa. "Ni plasta. Hata mkono wangu ulikuwa hivi."

Alikuwa amewahi kuvunjika kiwiko, akafungwa plasta, na ilipotoka mkono ulikuwa mgumu hadi alipoukanda ukalegea. Hoja yake haikuwa na kasoro yoyote. Kila kiungo alichowahi kuona kikitoka kwenye plasta kilikuwa kigumu, na kila kimoja kilikuwa kimelegea kwa kukandwa. Kitu pekee kilichokosekana katika hoja hiyo ni sentensi moja ambayo watu wawili wa nyumba yake walikuwa nayo na yeye hakuwa nayo. Nilimtazama baba. Baba akasema ni afadhali tungoje kwanza nimalize mitihani ya muhula.

Jirani yetu ng'ambo ya seng'enge alikuwa mama wa Kimaasai ambaye tulimwita Yeyo, kwa sababu ndivyo watoto wake walivyomwita. Yeye ndiye aliyeleta mafuta ya kondoo, yameganda kwenye kopo la bati.

"Ndama akizaliwa mguu imekataa, sisi tunakanda," alimwambia mama. "Siku kumi, anakimbia."

"Huyu si ndama."

"Ndama ndiyo ngumu zaidi. Huyu anaweza kukuambia wapi inauma."

"Haiumi," nilisema.

"Basi kanda na nguvu," Yeyo akamwambia mama.

Ikawa desturi. Kila jioni, kabla ya kusonga ugali, mama aliweka benchi karibu na jiko, akanikalisha, akaleta karai la maji moto, na kwa nusu saa nzima akanikanda kutoka pajani hadi kifundoni. Mafuta ya kondoo yana harufu ya zizi na ya chakula kwa pamoja. Sijawahi kuamua kama naipenda. Lakini jambo lililokuwa geni kwangu si harufu. Mama hakuwa mtu wa kuketi. Ng'ombe wawili, maziwa ya kupeleka hotelini, maji ya kuteka, dada yangu mdogo, shifti za baba: siku yake ilipita akiwa amesimama, nasi watoto tulizoea kuzungumza na mgongo wake. Sasa aliketi mbele yangu, uso kwa uso, mikono yake imeshika mguu wangu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya na mdomo wake, alisimulia. Alinisimulia kwamba alitoroka ubatizo mara mbili kwa kuogopa maji. Alinisimulia habari za mwalimu mmoja aliyetaka kumuoa kabla ya baba, mtu mwenye baiskeli na meno mazuri.

"Kwa nini hukumkubali?"

"Alikuwa anacheka sana. Mtu wa kucheka hivyo asubuhi, jioni atabaki na nini?"

Katika miezi ile nilimfahamu mama kuliko katika miaka kumi na saba iliyotangulia. Nikimwambia ukweli, hesabu yangu iliniambia, angeinuka kutoka benchini. Nilikuwa na sababu nyingine nilizozieleza kwa uangalifu katika daftari: kwamba si kazi yangu bali ya baba, kwamba kukanda hakudhuru, kwamba ngozi yangu ilihitaji mafuta. Zote zilikuwa za kweli. Ile ya benchi ndiyo niliyoiacha bila kuiandika.

Kisha yakaja makaa. Jumapili moja mama alinikalisha benchini, kisigino changu kikiwa kimegusa sakafu ya saruji huko mbele, akachukua kipande cha kaa na kuchora mstari mfupi nyuma ya kisigino. "Hapa ndipo tumeanzia," alisema. "Ukianza kukunjika, kisigino kitarudi kuja kwa benchi." Jumapili ya pili kisigino kilitua juu ya mstari ule ule. Ya tatu, vivyo hivyo. Mama aliufuta tu mstari kwa kidole na kuuchora tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kaa. Nilimtazama utosini alipokuwa ameinama, nikaona jinsi kitambaa chake kilivyokuwa kimefungwa vizuri kwa ajili ya kanisa.

Jumapili ya nne nilirudi nyuma kwenye benchi kwa upana wa kidole kimoja.

Ni jambo dogo sana ukilitazama kama kitendo. Mtu anajiweka sawa mahali alipoketi. Kisigino changu kilirudi kwa upana wa kidole kimoja, mama akachora mstari mpya, akainuka, akatoka nje na kumwita Yeyo kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi barabara ya Namanga. Wote wawili walisimama juu ya ile mistari miwili kama watu wanaotazama mtoto aliyelala.

"Nilikuambia," alisema Yeyo. "Ng'ombe na mtu, mafuta ni moja."

Baada ya hapo singeweza kuacha. Nilikuwa makini: sikuwahi kurudi zaidi ya kidole kimoja, na Jumapili nyingi sikurudi kabisa, ili mwendo uonekane wa kawaida. Kufikia mwezi wa tano wa kukandwa mistari ilikuwa imejaa kiganja kizima, imepangana vizuri kuelekea benchi, na mama alimkataza dada yangu kufagia pale.

Tumaini lile lilikuwa na sheria zake. Sikuruhusiwa fimbo. Sikuruhusiwa kigoda cha kuegeshea mguu. Mwalimu wa darasa aliposema wangeweza kunikatia dawati moja liwe na nafasi mbele, mama alimshukuru akakataa. "Usiuzoeshe," aliniambia tukirudi nyumbani. "Utakunjika tu, halafu hiyo dawati tutaipeleka wapi?" Kwa hiyo niliketi pembeni mwa dawati, mguu ukiwa njiani, na mwalimu wa hesabu aliukwaa mara mbili kwa wiki na kuniomba radhi kila mara kana kwamba ameukwaa kwa mara ya kwanza.

Na kulikuwa na choo. Choo chetu kilikuwa cha shimo, na choo cha shimo humtaka mtu achuchumae. Mtu mwenye goti moja huchuchumaa kwa mguu wa kushoto peke yake, mguu wa kulia ukiwa umenyooshwa mbele, mkono mmoja umeshika msumari wa ukutani na mwingine umeshika kamba tuliyoifunga kwenye boriti. Mguu ulionyooshwa ulifika hadi kizingitini. Mlango, uliofungukia ndani, haukuweza kufungwa. Dada yangu alisimama nje ameshika leso iliyokunjuliwa, akitazama upande mwingine, na mvua kubwa za mwaka ule zilipoanza alisimama pale pale, udongo mweusi ukimnata hadi kwenye vifundo, akinihimiza.

"Maliza! Wanatupita watu!"

"Watu gani?"

"Nyumbu!"

Tulicheka hadi nikakaribia kuachilia kamba. Ninaeleza haya kwa sababu yana uzito katika mambo yaliyofuata, si kwa kutaka huruma. Kila mtu nyumbani aliyaona, na kila mtu aliyachukulia kuwa ya muda.

Mvua zilipopungua, Yeyo alikuja na wazo. Kulikuwa na mtu kutoka Mashuuru, fundi wa mifupa, ambaye alileta mbuzi Kajiado kila siku ya soko. Alikuwa amenyoosha bega la shemeji yake na nyonga ya bibi mmoja.

"Huyu msichana amebakisha kidogo tu," Yeyo alisema, akiitazama mistari ya makaa. "Anataka mtu wa kumalizia. Mmoja anashika mabega, yeye anashika mguu, anakunja mara moja. Mara moja tu! Inalia ka! Basi."

"Itamuuma?" mama aliuliza.

"Itauma. Halafu itakuwa imeisha."

Mama alinitazama kwa furaha iliyojaa woga, kama mtu anayeshika zawadi nzito. "Siku ya soko," alisema.

Nilikuwa na siku nne. Nilizitumia jinsi ninavyotumia siku hadi leo. Nilipima muundi wangu kwa rula, nikakisia uzito wa mwanamume, nikakokotoa, kwa kanuni ya nyenzo tuliyofundishwa darasani, nguvu ambayo ingefika mahali mfupa ulipoungana. Nikapata jibu, nikalihakiki, likawa baya zaidi. Niliandika hotuba ya kumwambia mama, kurasa tatu, nikaisahihisha viambishi. Siku moja kabla ya soko nilimpeleka baba nyuma ya zizi.

"Yule fundi wa Mashuuru atauvunja," nilimwambia. "Kesho. Mama anajua mguu umebakisha kidogo tu."

"Kwa nini anajua umebakisha kidogo?"

Nikamweleza kuhusu benchi. Baba aliketi juu ya debe lililopinduliwa. Kwa muda nilidhani atanikemea, kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Kidole kimoja kimoja?"

"Usicheke, Baba."

"Sicheki." Akajipangusa macho. "Mwambie, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyesema utamwambia."

"Mimi kesho naingia asubuhi."

"Leo hujaingia."

Baba aliwatazama ng'ombe wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba mmoja wao angejitolea. "Nimekaa naye miaka ishirini," alisema. "Sijawahi kumdanganya kitu kingine. Sijui mtu huanzia wapi." Nami sikujua. Tuliingia ndani pamoja, mama akatupakulia, tukala.

Tulikwenda Kajiado kwa pikapu ya mume wa Yeyo, iliyokuwa imebeba kondoo. Mama na Yeyo waliketi mbele na dereva. Mimi niliketi nyuma, kwa sababu mbele mguu haukuingia, na kabla hatujafika Isinya kondoo watatu walikuwa wamelala juu yake. Ile hotuba ilikuwa mfukoni mwangu. Kila gari lilipopunguza mwendo niliazimia kugonga kioo, na kila lilipopunguza mwendo nilipata sababu.

Fundi wa mifupa hakuwa kama nilivyomtarajia. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye koti zito na saa ya mkononi aliyoitazama kila mara, kwa kuwa mbuzi wake walikuwa bado hawajapata mnunuzi. Nilimwinamishia kichwa kumsalimu, jinsi Yeyo alivyotufundisha, akanigusa utosini haraka haraka, akatupeleka nyuma ya ukuta wa soko palipokuwa na mkeka. Yeyo alikaa nyuma yangu na kunishika mabega. Mama alishika mguu wa kushoto. Watu wawili watatu waliokuwa wakinywa chai karibu waligeuza viti ili waone.

Yule mtu alikunja mikono ya koti. Hakushika kifundo, kama nilivyoogopa. Aliweka vidole vitatu juu ya mahali palipokuwa na goti, akavitembeza taratibu, akarudi, akavitembeza tena. Alipata makovu manne ya mviringo, mawili juu na mawili chini.

"Hizi ni nini?"

"Ya vyuma," alisema mama. "Hospitali waliweka vyuma kushikilia."

"Kushikilia nini?"

"Goti. Ipone."

Yule mtu aligonga muundi wangu kwa kifundo cha kidole, huku kiganja cha mkono wa pili kikiwa pajani, kama anayesikiliza ukuta. Kisha akaacha kumtazama mama. "Wewe ndiye mwenye mguu," aliniambia. "Hospitali walikuambia nini?"

Ile hotuba ya kurasa tatu ilianza na maneno "Mama mpendwa, kuna jambo". Sikukumbuka hata moja. Mikono ya Yeyo ilikuwa bado mabegani mwangu.

"Walisema hautakunjika," nilisema. "Waliunganisha. Ni mfupa mmoja. Hakuna goti."

"Hautakunjika leo," alisema mama.

"Hautakunjika kabisa, Mama. Baba alijua. Mimi nilijua. Kabla."

Mama aliutazama mguu, kisha akanitazama. "Na yale makaa?"

"Nilikuwa narudi nyuma kwa benchi."

Mmoja wa wale wanywa chai alicheka, kisha akaacha ghafla, nadhani kwa sababu ya uso wa mama. Yeyo aliondoa mikono yake mabegani mwangu. Yule fundi alishusha mikono ya koti, akafunga vifungo.

"Mama, mimi sivunji kitu imeshika vizuri," alisema. "Huyo daktari ni fundi. Hata mimi singeweza kuifunga hivi." Akatazama saa. "Haiumi?" akaniuliza.

"Haiumi."

"Basi iko sawa." Akarudi kwa mbuzi wake.

Mama alinisaidia kuinuka. Alinipangusa vumbi mgongoni, akaninyooshea sketi, akanishika mkono hadi kwenye pikapu na kunipandisha. Angenipiga, ningejua pa kuliweka jambo lile. Njiani niliona kisogo chake kupitia kioo, kimenyooka, hakikugeuka hata mara moja, na Yeyo kando yake akitazama nje ya dirisha lake.

Kwa siku tatu hakusema nami moja kwa moja. "Mwambie dada yako chai iko tayari," alimwambia mdogo wangu, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Jioni benchi lilibaki ukutani. Kwa baba hakusema hata kupitia kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimedhani angelilia goti. Hiyo ndiyo huzuni niliyokuwa nimejiandaa kwayo kwa miezi minane. Siku ya pili nilimsikia akizungumza na Yeyo kwenye seng'enge, na ndipo nilipoelewa kwamba nilijiandaa kwa huzuni isiyokuwa yenyewe.

"Mguu ni mguu," alikuwa akisema. "Lakini mimi nilipiga magoti pale chini kila Jumapili na kaa mkononi, na yeye ananitazama tu."

"Alikuwa anakuonea huruma," alisema Yeyo.

"Nani alimwambia nahitaji huruma? Nilihitaji kuambiwa. Mtoto anaenda choo akining'inia kwa kamba kama popo, miezi minane, na mimi nasema ngoja, utakunjika. Kumbe nangoja nini?"

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Katika daftari langu lote, katika sababu zangu zote, nilikuwa nimehesabu mambo ambayo ukweli ungemnyang'anya mama. Sikuwa nimehesabu aliyonyang'anywa na uongo: kwamba kwa miezi minane alizuiwa kunisaidia, yeye ambaye hakuna jambo alilojua kulifanya vizuri zaidi.

Jumapili, tulipotoka kanisani na baba alipokwisha kula, mama alizungumza.

"Lete kiti yako."

Baba alikuwa na kiti kimoja chenye mikono, cha mbao za msaipresi, kilichotengenezwa na seremala wa Athi River. Hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Akakileta uani.

"Ya nini?"

"Toboa."

"Nitoboe?"

"Hapa katikati. Duara."

Baba alinitazama. Nikatazama chini. Akaenda akaleta keekee na msumeno mdogo, akapiga magoti juu ya udongo, akaanza kutoboa kikalio cha kiti chake mwenyewe, tundu baada ya tundu, huku mama amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Ongeza. Huyu ni mtu mzima."

"Na mimi nitakalia nini?"

"Benchi iko. Mtoto ameikalia miezi nane, haijamuua."

Dada yangu alikimbilia nyuma ya nyumba ili acheke kwa usalama. Ng'ambo ya seng'enge Yeyo hakujificha. Alicheka waziwazi, akamwambia baba kwa sauti kwamba kwao mwanamume akidanganya hutozwa ng'ombe, na kiti ni faini ya mtoto. Baba alilainisha ukingo wa tundu kwa msasa, akaupitisha mkono mara nyingi, kwa uangalifu ambao ulikuwa ndiyo lugha yake ya kuomba msamaha. Mama aliuona. Nilimwona akiuona.

Kiti kilipobebwa hadi chooni na kuwekwa juu ya shimo, nilidhani ni mimi nitakayejaribu. Lakini mama alitangulia. Aliketi juu yake na gauni lake la kanisa, mlango ukiwa wazi, sisi sote uani tukitazama, na taratibu akaunyoosha mguu wake wa kulia mbele yake, akalikaza goti, akalikataza kukunjika. Akakaa hivyo. Akajaribu kuuvuta mlango kwa mkono; mlango ukagonga kisigino chake. Akaujaribu tena.

"Huu mlango ufungukie nje," alimwambia baba. Baba akaenda kutafuta bisibisi.

Mama aliendelea kuketi, mguu umekazwa, paja limeanza kumtetemeka kwa kazi ambayo halikuizoea. Aliutazama mguu wa kushoto, akausogeza huku, akausogeza kule, hakuridhika. Kisha akainua uso na kunitazama mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu Kajiado.

"Na hii nyingine," alisema, "wewe huwa unaiweka wapi?"

Nikaenda nikamwonyesha.